Futi Haidanganyi

Wako watu hawatoki nyumbani bila kitambulisho. Bi Futi hatoki bila futi. Ile kamba yake ya kupimia, ya manjano, iliyofutika tarakimu kuanzia inchi ya arobaini, imekaa shingoni mwake miaka thelathini na ushei, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwa karani wa benki peke yake. Aliwahi kumrudishia mwokaji mkate kwa sababu umepungua nusu inchi kuliko wa juzi. Aliwahi kumpima mchumba wa binti wa jirani, mabega na kiuno, kijana wa watu kaja kusalimia tu, akatangaza mbele ya ukumbi mzima kwamba bega la kushoto limeshuka. Na kweli lilikuwa limeshuka! Tangu siku hiyo yule kijana anatembea kiubavuubavu.

"Futi haidanganyi," ndiyo kauli yake. Ukibisha, atakupima na wewe.

Chumba chake cha kushonea kinatazama barabara. Cherehani ya miguu iko karibu na mlango ipate mwanga, meza ya kukatia iko upande wa ndani, na katikati limesimama sanamu la nguo lisilo na kichwa. Ukuta wa kulia ni wa mbao nyembamba, na nyuma yake kuna msusi, shoga yake wa siku nyingi. Msusi husikia kila linalosemwa kwa Bi Futi na hulijibu, hata asipoulizwa.

Sasa, Bi Futi ana neno jingine linalojulikana mtaani, nalo ni fupi kuliko futi yenyewe: "Fumua." Halisemi kwa ukali. Hulisema akiwa amekwisha kugeukia kazi nyingine, na hapo ndipo linapouma. Wanagenzi wamepita kwake wakalisikia hadi ndotoni. Lakini aliyelisikia kuliko wote ni binti yake wa pekee, aliyelelewa chini ya ile meza ya kukatia.

Binti alipokuwa na miaka kumi na miwili alipewa kazi yake ya kwanza ya mteja: kuunganisha mkono wa blauzi. Mafundi, kabla ya kuunganisha, hukata pengo dogo la alama ukingoni mwa mkono na jingine penye bega. Mapengo yakikutana, mkono umekaa. Yasipokutana, mteja atavaa blauzi inayomvuta kwapa kama ana ugomvi nayo.

"Urefu ni uleule, mama," mtoto alijitetea.

"Urefu si kitu. Mapengo yamekutana?"

"Hayajakutana."

"Fumua."

Akafumua. Akashona tena, akaambiwa fumua. Akashona mara ya tatu, fumua. Mara ya nne aliposhona na kuambiwa fumua, mtoto alivua tondoo ya kukinga kidole, akaiweka mezani, akalia bila sauti, akasema hatashika sindano tena maisha yake. Na hakuishika. Alisoma mambo ya kompyuta, akapata kazi mji wa mbali, huko ambako ukikosea unafuta tu na hakuna mtu wa kukutazama.

Bi Futi hakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Angelizungumzia vipi? Simu zao zilikuwa hivi: Umekula? Nimekula. Na wewe? Nimekula. Mvua huko? Kidogo. Haya mwanangu. Haya mama. Kisha kila mmoja hubaki na simu mkononi, roho imejaa maneno ambayo hayakutoka.

Basi likizo iliyopita binti alikuja na kompyuta yake ya kubeba, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa malori. Unapewa lori na trela, unapewa mzigo, unaambiwa upeleke mji fulani, unaenda. Ndio mchezo huo, hakuna kingine. Bi Futi, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, alisimama nyuma ya kiti siku ya kwanza akasema, "Umepinda vibaya." Siku ya pili akasema, "Nipishe." Siku ya tatu wateja walikuta mlango umerudishwa na ndani kunapigwa honi.

Lakini si malori yaliyomshika, ingawa yalimshika kweli. Ni mazungumzo. Mtu akishika usukani macho yako mbele, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na maneno hutoka yenyewe. Wakiwa wamebeba saruji ya kwenye skrini, wakipokezana usukani, Bi Futi alimsimulia binti yake siku alipokutana na marehemu baba yake, jinsi alivyompima suruali mara tatu bila sababu. Binti naye akamweleza kuhusu upweke wa ule mji wake. Wiki mbili walizungumza zaidi kuliko miaka kumi na minane. Kisha likizo ikaisha, kompyuta ikaondoka na mwenyewe.

"Mama, tunaweza kucheza kila mtu akiwa kwake, barabara moja," binti alisema kwenye simu. "Ila unahitaji kompyuta yenye nguvu. Nikununulie?"

"Uninunulie? Mimi fundi nivae nguo ya dukani? Nitaiunda mwenyewe."

Wakapanga Jumapili. Ikaingia kazi ya sare za shule, Bi Futi akaomba udhuru. Wakapanga nyingine, akaomba udhuru tena. Mara ya tatu binti alisema kwa sauti ya chini, "Jumapili hii saa kumi jioni, mama. Nimeomba ruhusa kazini. Usipofika, nitajua ulikuwa mchezo wa likizo tu, na sitakusumbua tena."

Lo! Bi Futi alikata simu akakaa kitako juu ya vitambaa vya mteja. Hiyo "sitakusumbua tena" ilimwingia kama pini ya kwenye pindo: huioni, lakini kila ukigeuka inakuchoma.

Binti alituma kwa posta diski yenye mchezo na kila kitu ndani yake, na orodha ya vifaa vya kununua, vya bei nafuu, kila kimoja na jina lake kamili. Chini aliandika: "Usibadilishe hata kimoja, mama. Nimevichagua vielewane."

"Vielewane!" Bi Futi alimsomea msusi kupitia ukutani. "Kwani tunaoza?"

"Hata ndoa nyingine hazikuchaguliwa hivyo," msusi alijibu. "Fuata orodha, shoga."

Jumamosi asubuhi Bi Futi alitinga duka la vipuri vya kompyuta, mtaa wa pili. Mwenye duka huitwa Injinia kwa sababu ya koti lake lenye kalamu nne mfukoni. Hakuna aliyewahi kuona cheti, wala hakuna aliyewahi kukiulizia. Ni mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja: kila ukimwuliza kama kitu kitaingia, hujibu, "Itaingia tu."

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, alikuwa nayo. Bodi kubwa ya kuubebea ubongo huo, anayo. Pawasaplai, ile ya kugawa umeme, anayo, na hapo Bi Futi hakuhitaji kufundishwa, maana aliyewahi kuunguza mota ya cherehani ya umeme anajua wati ni nini. Kadi ya picha, ile inayofanya barabara ionekane barabara, anayo, ya mtumba lakini safi. Kasha la kuwekea vyote lililoandikwa kwenye orodha lilikuwa limekwisha.

"Chukua hili, mama. Zuri, lina taa," alisema Injinia.

"Kadi itaingia?"

"Itaingia tu."

Bi Futi akavua futi shingoni. Akapima kadi: inchi kumi na nusu. Akaingiza mkono ndani ya kasha, akapima: inchi tisa na robo tatu.

"Itaingilia wapi, mwanangu? Dirishani?"

Injinia akacheka kidogo, akachukua kadi, akajaribu. Akainamisha. Akaipitisha mshazari. Akatoa ulimi pembeni ya mdomo kama watu wafanyavyo wakidhani ulimi unasaidia. Kadi ikakataa katakata. Wateja walikuwa wanne dukani, na mmoja wao akasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana yangu mimi nimeifunga kwa kamba, inaning'inia nje." Injinia alitafuta pa kuficha uso, akapata rafu ya juu, akashusha kasha jingine pana zaidi. Bi Futi akapima: inchi kumi na mbili na nusu. "Hilo," akasema. "Ndani daima acha nafasi ya kupumua."

Wale wateja nusura wapige makofi. Na hapo, ndugu zangu, ndipo mama wa watu alipoharibikiwa. Sifa ni pombe, na yeye hakuwa na mazoea ya kulewa.

Kilichobaki ni ramu, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu vinavyosimama juu ya bodi, kila kimoja kwenye mfereji wake. Ya kwenye orodha ilikuwapo, kimoja katika karatasi yake. Lakini kando yake, kwenye kisanduku, zilikuwapo nyingine za zamani, mbili kwa bei ya moja. Fundi gani chini ya jua ameona mbili kwa bei ya moja akapita?

"Hizo hapana, mama," Injinia alisema upesi. "Hizo ni za kizazi cha tatu. Bodi yako inataka kizazi cha nne. Lila na fila hazitangamani."

Bi Futi akapima ya kwenye orodha: inchi tano na robo. Akapima ya kisanduku: inchi tano na robo. Akaziweka pamoja, ncha kwa ncha, akamwonyesha.

"Ipi ndefu?"

"Zinalingana, lakini—"

"Upana?"

"Unalingana. Mama, nisikilize—"

"Wewe uliyesema kadi itaingia, leo unasema hii haitaingia? Tumwamini nani, wewe au futi?"

Wateja wakaangua kicheko. Injinia, maskini, siku hiyo peke yake maishani mwake alikuwa anasema kweli, na hakuna aliyemsikiliza. Akashusha pumzi, akaandika risiti, akaigeuza na nyuma yake akaandika kwa herufi kubwa: NILIMWAMBIA. "Weka sahihi, mama." Bi Futi akaweka sahihi na mbwembwe chini yake.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Injinia alinong'onea kalamu zake.

Jumapili asubuhi Bi Futi alisafisha meza ya kukatia hadi pini ya mwisho. Alianza kazi, na nisimnyime haki yake, mikono ile ilizaliwa kwa kazi ya namna hii. Prosesa ina pembetatu ndogo kwenye kona, na bodi ina pembetatu yake. Akazikutanisha, prosesa ikakaa yenyewe bila kusukumwa. "Wana adabu hawa," alisema. "Wameweka alama kama mafundi." Bodi ikaingia kasha, skrubu zikakaza. Kadi ikalala ndani na nafasi ya kupumua ikabaki. Nyaya akazipanga na kuzifunga kwa uzi mweusi, kushona kwa kujificha, usingeona fundo.

Saa sita akashika ramu. Akaisimamisha mferejini, akabonyeza. Haikuingia. Akabonyeza kwa vidole gumba viwili. Akasimama, akaegemeza uzito. Bodi ikalia kwii.

"Shoga!" msusi aliita kutoka ng'ambo. "Unachinja nini?"

"Kinabana kidogo tu!"

Akaigeuza upande wa pili. Ikakataa. Akajaribu ile nyingine ya bure, nayo ikakataa, na ndipo alipoelewa kwamba amenunua kukataliwa mara mbili kwa bei ya moja. Akainama, akaona kwamba kibao kina pengo dogo upande wa chini, na mfereji una kijino, na kijino hakiangukii kwenye pengo. Ni tofauti ya punje ya mchele. Basi unajua alifanya nini? Alifungua droo akatoa tupa ya kusugulia chuma.

Msusi, aliyekwisha kuingia na kitana mkononi, akaruka akamshika mkono. "Wee! Unataka kukata nini?"

"Nataka kukitoboa pengo jingine. Mbona tundu la kifungo nahamisha kila siku?"

"Hicho si kifungo! Rahisi huvunja upishi, nilikwambia ufuate orodha. Mpigie mtoto."

"Simpigii."

"Mficha uchi hazai, shoga."

"Mimi nilishazaa."

"Basi mpigie huyo uliyemzaa!"

Bi Futi akatazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro. Simu ilikuwa juu ya meza, na njia kutoka kwenye kiti hadi kwenye simu ilikuwa hatua mbili, lakini miaka mingapi! Amwambie nini? Kwamba amebadilisha orodha? Kwamba yeye, Bi Futi, amekosea kipimo? Akapiga.

"Mama? Mbona mapema?"

"Hamna kitu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kuna nini?"

"Kuna kibao cha ramu. Hakiingii."

"Umenunua ya kwenye orodha?"

Msusi akamkanyaga mguu.

"Nimenunua nyingine," Bi Futi alisema. "Lakini urefu ni uleule."

Upande wa pili binti akaweka simu mbali, kama mtu anayetaka kucheka au kulia, hujui lipi. Kisha sauti ikarudi, tulivu, kama ya mtu aliyekwisha kugeukia kazi nyingine.

"Urefu si kitu, mama. Mapengo yamekutana?"

Bi Futi alikaa kitini polepole. Chumba chote kikamrudia: tondoo juu ya meza, blauzi ya mteja, kichwa kidogo kilichoinama.

"Hayajakutana," alijibu.

"Fumua."

Msusi aligeukia ukuta mabega yakimtikisika. Bi Futi hakukasirika. Alikitoa kile kibao mferejini, akakifunga pamoja na mwenzake katika kipande cha kitambaa, akatoka mbio.

Injinia siku za Jumapili hufunga saa nane. Alikuwa anashusha mlango alipomwona mama anakuja katikati ya barabara, kitenge kimeshikwa kwa mkono mmoja. Akaupandisha tena. Aliingia, akavuta droo, akatoa ile ramu ya kwenye orodha, ikiwa imeandikwa juu ya karatasi yake: YA MAMA WA FUTI.

"Niliiweka tangu jana," alisema. "Nilijua utarudi. Ila hizi mbili sizipokei bure. Nataka makasha yote dukani yapimwe ndani na kuandikwa chaki. Watu wananifungia kadi kwa kamba, mama, naaibika."

"Nitakupimia kesho. Sasa hivi nina safari."

"Basi niachie dhamana."

"Dhamana gani?"

Injinia akaitazama shingo yake. Bi Futi akaishika futi kwa mikono miwili. Akatazama saa. Akaivua, akaiweka juu ya kaunta kama mtu anayemwacha mtoto shuleni siku ya kwanza, akakimbia.

Njiani watu watatu walimsimamisha kumwuliza kama kuna msiba.

Safari hii binti alikuwa hewani tangu mwanzo, simu imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. "Angalia pengo kwanza, mama. Sasa fungua vibanio. Bonyeza ncha zote mbili." Ikalia ta! Sauti hiyo Bi Futi aliipenda kuliko cherehani mpya. Akaunganisha televisheni na kibodi, akaunganisha diski, akavuta intaneti ya simu, akabonyeza kitufe. Mapangaboi yakazunguka, taa zikawaka rangi ambazo hakuziomba, na saa kumi kasoro dakika tatu barabara ikatokea mbele yake, pana, ina jua, na lori la buluu limeegeshwa kando likimngoja.

"Ndiye wewe huyo?"

"Ndiye mimi. Nifuate, mama."

Wakaondoka. Binti mbele na mbao, mama nyuma na saruji. Mguu wa Bi Futi, bila kuamriwa, ulikuwa unakanyaga chini ya meza kama uko kwenye cherehani. Walipita daraja, walipita msitu. Msusi alikuwa amevuta kigoda akinyamaza kwa mara ya kwanza tangu ajulikane. Hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake usoni.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Ile blauzi."

Lori la buluu likapunguza mwendo kidogo. "Blauzi gani?" aliuliza binti, ingawa alijua.

"Ile ya mkono. Mara ya nne ilikuwa imekaa. Mapengo yalikuwa yamekutana, nikaona kwa macho yangu. Nikasema fumua kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea. Na ulipolia nikaona haya kurudi nyuma. Hapakuwa na pa kufumua, mwanangu."

Lori la buluu likayumba kulia, likayumba kushoto, likakata uzio, likaingia mtaroni na mbao zake zote.

"Miaka kumi na minane, mama!" Sauti ilikuwa inacheka, na ilikuwa inalia, vyote viwili. "Miaka kumi na minane, unakuja kuniambia kwenye kona!"

"Nisamehe. Rudisha lori barabarani."

"Sioni barabara. Macho yana maji. Nipe dakika."

Nyuma yao malori ya watu wasiowajua yakaanza kupiga honi. Bi Futi aliondoa mguu chini ya meza, akaegesha lori lake kando ya mtaro, akawasha taa za tahadhari, akamngoja.